Ndago kwa Kikombe

Nkunga, Tukuyu
11 Septemba 1994

Mdogo wangu Meshaki,

Ugonile. Sina habari nzuri, kwa hiyo naanza na mbaya ili tumalizane nayo. Mibuni nimeing'oa. Yote, eka ya chini na eka ya juu. Mashina sasa ni kuni.

Usinipigie kelele, sikiliza hesabu kwanza. Wakati wa chama cha ushirika tulikopeshwa dawa na mbolea, tukakatwa baada ya mauzo. Tulinung'unika, lakini tulipulizia. Kisha tukaambiwa soko ni huria. Yakaja magari mapya ya wanunuzi, wakanunua msimu mmoja vizuri hadi Ambindwile jirani yangu akanunua redio ya kaseti. Msimu huu magari hayakuja. Ghala la chama lina popo. Dawa ya kutu ya majani iko dukani Tukuyu, imepangwa vizuri kabisa, na anayeinunua simjui. Mti unaokula dawa kuliko unavyozaa si zao, ni mgonjwa. Wagonjwa nimewahudumia vya kutosha.

Unajua shamba hili sikupewa na mtu. Marehemu shemeji yako aliniachia mtoto mmoja, Atupele, na sufuria mbili. Eka hizi nilizipata kwa kupika uji wa wagonjwa pale hospitali ya Igogwe miaka tisa, na siku za mapumziko kubeba ndizi kichwani hadi sokoni. Ndugu zake waliponiambia wanigawie kipande cha kulima "kwa kunisitiri", niliwajibu asanteni, nimeshajisitiri. Wamekaa wanasubiri nianguke tangu siku hiyo. Eka hizi ndizo uzee wangu, Meshaki. Sina kingine.

Wewe uko mjini, unaona kinachonunuliwa. Nitafutie zao. Nataka kitu kinacholiwa, kinachokomaa msimu mmoja, kisichotaka dawa, na kiwe na mnunuzi mwenye jina.

Dada yako,
Tumpe

*

Tandika, Dar es Salaam
9 Oktoba 1994

Dada Tumpe,

Shikamoo dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimekaa chini. Mibuni yote! Haya, yameshapita. Wewe ukiamua huwa hatuna la kukuambia, tunakuja kuhesabu visiki tu.

Sasa usicheke. Zao ni ndago tamu. Si ile ndago gugu wanayoilalamikia wa Kyela kwenye mpunga. Hii ni nyingine, ina vinundu chini ya ardhi vyenye utamu wa nazi, watu wa pwani wanatafuna, na sasa kuna kampuni inavikamua maziwa na kuyapeleka nje. Mnunuzi nimekutana naye uso kwa uso, ana ofisi na meza na karani. Anasema yeye shida yake si bei, shida yake ni mzigo. Hili ni dili, dada. Huku kila mtu anauza kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo.

Nimekutafutia gunia moja la mbegu sokoni, linakuja na basi. Nimeonja mwenyewe, tamu. Panda kinundu kimoja kila shimo, mvua ikishika.

Ikiota utaijua hivi: chukua shina, lisokote kati ya vidole viwili. Nyasi za kawaida shina lake la mviringo, linaviringika. Hili haliviringiki, lina pembe tatu, unazihisi kabisa. Ukihisi pembe tatu, ujue ndiyo yenyewe, lala usingizi.

Kazini hapa kiwandani mambo si mabaya. Kuna maneno ya kupunguza watu lakini maneno hayo yapo kila mwaka.

Mdogo wako,
Meshaki

*

Nkunga
4 Desemba 1994

Mdogo wangu Meshaki,

Gunia limefika, na tumepanda. Kwanza nikuulize. Vinundu vya juu ya gunia vilikuwa vya mviringo, rangi ya udongo mkavu, visafi. Kuanzia katikati kwenda chini ni vyeusi, virefu kidogo, vina manyoya, mfano wa mavi ya mbuzi. Mbegu moja itakuwaje na sura mbili? Sikuonja. Unajua mama alivyotulea, mbegu ya kwanza haiingii mdomoni kabla haijaingia ardhini.

Kulima hakukuwa na shida. Noah, mume wa Atupele, alikuja kutoka Lufingo na vijana wenzake watano kunilimia, kama inavyompasa mkwe, na majirani wakajazia. Walianza kukiwa na ukungu, jua lilipotoka eka mbili zilikuwa nyekundu tupu. Noah kijana mzuri. Hanitazami usoni, akinisalimu anainama hadi naona kisogo. Ambindwile alimtania, "Mkwe, usipoangalia mbele utalima hadi Uyole!" Hata hakucheka mpaka nilipoingia ndani.

Niliwapikia, na kila jembe lililokuja nililifungia kikombe cha bati cha mbegu. Ndivyo ilivyo kwetu, aliyekulimia haondoki mikono mitupu, anaondoka na kile alichokupandia. Majembe yalikuwa kumi na saba. Ambindwile alichukua vikombe viwili, akasema kimoja cha mke mdogo, ambaye hana.

Nijibu habari ya sura mbili.

Dada yako,
Tumpe

*

Tandika
15 Januari 1995

Dada Tumpe,

Dada, hata maharage ya debe moja hayafanani! Usianze kutafuta kasoro kwenye kitu cha bure. Bora ungeniambia kama imeota. Umesokota shina?

Mnunuzi anakusalimu. Nilipita ofisini kwake, alikuwa amesafiri, karani alikuwepo.

Meshaki

*

Nkunga
19 Februari 1995

Meshaki,

Imeota. Nimesokota mashina hadi kidole kinanuka. Pembe tatu, yote, na ndani yamejaa, hayana uwazi wala vifundo kama nyasi. Kwa kipimo chako ndiyo yenyewe.

Mimi nina macho pia. Nilipanda kwa mistari, futi mbili toka mstari hadi mstari. Sasa mistari siioni. Inachipua katikati, inachipua njiani, imepita chini ya boma la migomba na kutokea upande wa pili. Kijani kilichoiva, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila mpita njia ananisifu. Mimi sijawahi kuona zao linalojipanda lenyewe. Kila palizi naipiga kwa jembe, na wiki ifuatayo penye shina moja yapo matatu.

Imeanza kuchanua. Vichwa vyake ni vya kahawia iliyoingia wekundu, kama damu iliyokauka kwenye bandeji. Wewe uliniambia habari za shina tu. Maua yake yanatakiwa yaweje? Majani je? Muulize mtu anayejua, usimuulize anayeuza.

Tumpe

*

Tandika
26 Machi 1995

Dada,

Ng'oa mmea mmoja na mizizi yake yote, uubane ndani ya gazeti hadi ukauke, utume. Usiukate mahali popote.

Usipande zaidi kwa sasa.

Meshaki

*

Nkunga
17 Aprili 1995

Meshaki,

Mmea umo ndani ya bahasha hii. Ulisema nisiukate mahali popote. Haiwezekani. Nilianza kuchimba mmea mmoja asubuhi, mvua ikiwa imeacha kidogo. Chini ya shina kuna kinundu. Kwenye kinundu kunatoka uzi mgumu mweusi kama waya. Ukiufuata waya unakuta kinundu kingine, nacho kina waya. Nilifuata hadi shimo likanifika magotini na upana wa kitanda cha mtoto. Vinundu mia moja na arobaini na tatu, kutoka shimo nililoweka kimoja. Na nyaya bado zilikuwa zinaendelea kwenye ukuta wa shimo, kwenda kwa Ambindwile.

Hapo nikaonja. Nimetema hadi usiku. Ni chungu, na inanuka kama dawa ya kuchua.

Usiniandikie habari za karani.

Tumpe

*

Tandika
14 Mei 1995

Dada yangu Tumpe,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka jibu la mtu anayejua, kama ulivyosema. Jirani na ninapokaa yupo Bi Prisca. Alikuwa afisa kilimo, kazi yake ilikuwa magugu hasa, akapunguzwa, sasa anauza mitumba. Aliukunjua mmea wako juu ya rundo la mashati, na kabla sijasema kitu akaniuliza, "Hii imetoka shambani kwa nani?" Nikamwambia kwa dada. Akasema pole.

Nakuandikia kama alivyonieleza. Pembe tatu ni za ukoo mzima. Ndago tamu ina pembe tatu na ndago gugu ina pembe tatu, kwa hiyo kipimo nilichokupa kilikuwa cha kuzitenga na nyasi tu, hakikuweza kuzitenga zenyewe kwa zenyewe. Angalia ncha ya jani. Tamu jani lake linachongoka polepole hadi linakuwa kama sindano, na rangi yake inaelekea umanjano. Gugu jani linakuja na upana wake, halafu karibu na mwisho linachongoka ghafla, kama mtu amelikata kwa haraka. Maua ya tamu ni ya dhahabu, rangi ya majani ya mpunga uliokomaa. Maua ya gugu ndiyo hayo ya damu kavu. Tena tamu, kila uzi una kinundu kimoja tu mwishoni, mviringo, umemaliza. Gugu ni mnyororo.

Yako ni gugu, dada. Kila alama.

Akasema na hili, na ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Jembe ndilo linaloipanda. Ukikata mnyororo, kila kinundu kinaamka na kuanza ukoo wake. Ungeiacha bila kuigusa ingeenea taratibu. Nilimwuliza dawa ya kuimaliza. Akaanza kukunja mashati.

Gunia lilinunuliwa kwa mtu, nilionja ya juu. Ofisi ya yule mnunuzi sasa wanauza vipuri vya baiskeli. Nimekutumia chupa ya dawa ya kuua majani kupitia kwa Alfred kondakta, jaribu.

Na kiwandani nimepunguzwa tangu Februari. Sikutaka uwe na mawili.

Mdogo wako,
Meshaki

*

Nkunga
16 Julai 1995

Meshaki,

Pole ya kazi. Nimeisema, sasa tuendelee.

Dawa niliipulizia eka ya juu. Majani yakawa manjano, yakalala, nikaketi kizingitini kuyatazama kama mtu aliyeona adui akianguka. Yakaota tena, mengi kuliko mwanzo. Dawa inakufa kwenye majani. Kule chini hawana habari kama kuna dawa.

Nimejaribu ncha ya jani kwenye kila kona. Nimekuwa fundi. Wanakuja sasa majirani na jani mkononi, wamelifunga kwenye kitambaa kama mtoto mgonjwa, "Mama Atupele, hebu tuangalizie na hili." Naangalia ncha. Ndiyo. Anaondoka. Anakuja mwingine. Ndiyo. Kwa Ambilikile imo kwenye maharage, kwa mjane wa Amoni imo kwenye viazi mviringo, inatoboa kiazi chenyewe, inaingia huku inatokea kule. Majembe kumi na saba, Meshaki. Niliwafungia mimi mwenyewe, kwa kikombe kilichojaa, na kwa Ambindwile nikaongeza cha pili.

Walikaa baraza. Sikuitwa, nilikwenda. Ambindwile alisimama, akasema soko huria limefika hadi kwenye maharage ya watu. Watu wakacheka, na mimi ningecheka kama si langu. Halafu hawakucheka tena. Waliamua hivi: jembe langu lisivuke mpaka wa shamba langu. Nisiende kulimia mtu na mtu asije kunilimia, maana udongo unaobaki kwenye jembe ndio unaobeba. Migomba yangu asichukue mtu chipukizi. Ni haki. Mimi ningeamua hivyo hivyo, tena mapema zaidi. Lakini umri huu nimefika, hakuna msiba wala harusi wala palizi ya watu ambayo sikwenda na jembe langu. Sasa nikisikia wanaimba bondeni wakilima nafunga dirisha.

Ndugu za marehemu walikuja pia, kuniambia kile kipande cha kunisitiri bado kipo. Kisha wakakumbuka kwamba jembe langu limekatazwa.

Bado kuna mahali pamoja. Mama mkwe wa Atupele, Imakulata, ni mtu mwema. Wana nusu eka nyuma ya jiko kule Lufingo, wamesema nikitaka nilime. Udongo wa huko mweusi, mzito. Niliogopa kwa sababu Noah na wenzake waliondoka na vikombe sita. Nikamwuliza Atupele kwa mbali, nikijifanya naulizia tu, mbegu ile mliipeleka wapi? Akajibu, vijana waliitafuna njiani, iliisha siku ile ile. Nilimshukuru Mungu kwa njaa ya vijana. Kwa hiyo Lufingo ni safi. Nitanunua jembe jipya, sitavusha hata vumbi.

Sijamwambia Atupele kilichotokea. Nimemwambia shamba limechoka. Ni mke mpya, ana mimba, anakaa kwenye ua wa watu. Sitaki aitwe binti wa yule aliyetuletea majani.

Dada yako,
Tumpe

*

Tandika
20 Agosti 1995

Dada,

Mwambie Atupele. Mwambie jinsi linavyofanana, ncha ya jani, maua, kila kitu. Bi Prisca anasema watu hulipeleka wenyewe bila kujua. Aibu itapita, dada.

Mimi nauza maji ya barafu kwa sasa. Yanauzika.

Meshaki

*

Nkunga
10 Septemba 1995

Mwanangu Atupele,

Nimepokea salamu za mama Imakulata na nimekubali. Mvua zikianza nitakuja nilime hiyo nusu eka, nipande maharage kwanza. Mwambie asihangaike kunitayarishia, ardhi kama ilivyo inanitosha. Mimi nikipewa ardhi, mengine najua.

Huku shamba limechoka tu, kama nilivyokueleza. Ardhi nayo huchoka. Usiulizwe ukashindwa kujibu.

Usibebe ndoo mbili. Moja moja.

Mama yako

*

Lufingo
14 Januari 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mtoto ni mzima, ni wa kike, na tumempa jina lako, Tumpe. Noah alisema jina lazima liwe la mama. Amefanana na wewe, akikunja uso mama mkwe anasema, "Huyu anapiga hesabu."

Mama, najua ulisema mvua zikianza, na mimi nikakuandikia usubiri nijifungue. Basi sasa njoo. Tena nina la kukufurahisha. Ulikataza usitayarishiwe shamba, lakini mama mkwe hakusikia. Alisema huyu ni mama wa mkwe wangu, hatakuja kulima ardhi kavu. Walibeba samadi yote ya jaa la nyuma ya jiko, la miaka, wakaitandaza nusu eka yote, na Noah na wenzake wakalima na kuichanganya vizuri, mara mbili. Hakuna mtu hapa aliyewahi kupewa samadi yote ya jaa. Nililia.

Sasa kuna jambo la kuchekesha, na Noah amenikataza nisikuambie lakini nitakuambia. Unakumbuka mbegu zako zile? Nilikuambia vijana walizitafuna zikaisha. Ukweli walitafuna moja moja tu, wakazikuta chungu. Lakini nani angekuja kukuambia? Noah alisema mkwe hawezi kusema mkono wa mama ni mchungu, afadhali afe. Kwa hiyo walinyamaza, vikombe vyote sita vikamwagwa jaani ili usije ukaviona.

Basi mama, zimeota zenyewe! Shamba lako lote limejaa, na hatujapanda hata moja. Kumbe hazikuwa mbaya, labda zilitaka samadi. Ni nzuri, kijani kilichokolea, zinang'aa. Shina lina pembe tatu, Noah alisema ulimwambia siku ile ya kulima kwamba hiyo ndiyo alama. Jani linakuja pana halafu mwishoni linakatika ghafla. Maua ni ya kahawia nyekundu, namfungia mtoto kwenye mkono anayatazama. Mama mkwe anazipalilia kila wiki kwa jembe, na kila akipalilia zinazidi. Anasema mama yako ana mkono wa baraka, majirani wawili wameshaomba, nimewaambia wasubiri uje uwape wewe mwenyewe kwa kikombe.

Nimekutilia kimoja ndani ya bahasha ukione.

Mwanao,
Atupele

*

Nkunga
18 Januari 1996

Atupele mwanangu,

Nimefurahi mtoto. Nimefurahi sana. Mbebe vizuri, kichwa.

Sasa nisikilize, na usiruke hata mstari mmoja.

Mwambie mama Imakulata aweke jembe chini. Leo, ukimaliza kusoma. Asipalilie tena, wala asing'oe, asilime, asichukue udongo wa hapo kwenda popote. Jembe alilotumia lioshwe palepale shambani, maji yasitoke nje ya shamba. Samadi iliyobaki jaani isiguswe. Wale majirani wawili wasipewe hata kinundu kimoja, wakiomba wafukuze, wakikasirika wakasirike.

Hiyo si mbegu. Ni ndago gugu. Shamba langu halikuchoka, mwanangu. Limejaa hiyo, na mashamba ya watu kumi na mmoja huku yamejaa hiyo, na mimi ndiye niliyewapa. Nilikuwa najua tangu mwezi wa tano. Mjomba wako aliniambia nikuambie, ningekuambia ncha ya jani tu ungelitambua likiwa shina moja. Sikukuambia, ili usione haya kwenye ua wa watu.

Nilitaka nikuandikie usimwambie mama mkwe wako mpaka nifike. Nimeukata mstari huo. Mwambie sasa. Mwambie na Noah, na umwambie simlaumu, ila siku nyingine kitu changu kikiwa kichungu aniambie kichungu, nikiwa mama mkwe au nisiwe.

Utaniuliza kama kuna namna. Nimechimba, nimepulizia, nimechoma, nimefunika kwa majani ya migomba. Ilitoboa majani. Kinundu ulichonitilia ndani ya bahasha kimechipua njiani, barua yako nimeifungua nikakuta jani limeshatoka kwenye mkunjo. Ncha yake nimeiangalia. Nimekitia motoni.

Jembe jipya nililonunua kwa ajili ya huko nimemwuzia Ambindwile. Halijagusa udongo, amelikagua kwanza.

Nakuja Jumamosi, kumwona huyo mwenye jina langu. Sitakuja kulima. Viatu nitaviacha nyumbani, na miguu nitainawa kabla sijatoka shambani kwangu. Ndizi sileti, wala maharage, wala chipukizi, wala chochote kilichokaa kwenye ardhi yangu. Mwambie mama Imakulata asione vibaya. Safari hii ninakuja mikono mitupu.

Mama yako,
Tumpe